Makoti Kumi na Matatu ya Mkunga

Kwenye studio ya filamu walimwita Pindo, na jina lilimkaa barabara. Ukipita mbele yake na pindo la suruali limeachia, hata uwe mgeni, hata uwe mkubwa wa nani, atainama palepale koridoni, atachomoa sindano aliyoichomeka kwenye kola ya gauni lake, na kulishona huku wewe umesimama wima kama mtoto anayekatwa kucha. Hakuwa anajipendekeza kwa mtu. Mkono wake tu haukukubali kosa la mshono. Akiliona, mkono unakwenda wenyewe, yeye anafuata.

Alikuwa fundi wa mavazi kwa miaka kumi na tisa. Chumba chake kilikuwa cha mwisho chini ya ngazi, chenye cherehani mbili, meza ya kukatia, pasi, bomba refu la chuma la kutundikia nguo, na ndoo tatu zilizojaa maji ya majani ya chai. Chai ile hakuinywa mtu. Ilikuwa ya kuchakazia nguo, maana nguo mpya mbele ya kamera haijifichi, na mtazamaji hataamini kwamba mtu kalala njaa siku mbili huku shati lake linameta. Basi Pindo alichovya nguo kwenye chai, akazisugua viwiko kwa msasa, akatia mawe mifukoni na kuzitundika wiki nzima mpaka mifuko ilegee. Kwa kazi hiyo hakuwa na mpinzani. Angekupa shati la jana ukaapa kuwa babu yako alizikiwa nalo.

Nyumbani aliishi na mama yake, mkunga mstaafu. Miaka thelathini na miwili mama yule alipokea watoto wa watu, na alipostaafu, badala ya kukaa kusubiri wageni, akajaza madaftari manne kwa mwandiko wa wino wa bluu. Mtu wa kiwanda kidogo cha uchapaji akamtolea nakala mia mbili, kitabu chembamba kilichoitwa Waliopita Mikononi Mwangu. Nyingi aligawa bure, na unajua vya bure vinavyoishia. Mbili zilishika miguu ya meza za majirani.

Lakini mle ndani mlikuwa na sura moja, wee! Mkunga anapanda lifti ya jengo la ofisi, kaenda kufuatilia karatasi zake, mle ndani mna mwanamke mjamzito na tarishi mwenye bahasha. Kati ya ghorofa ya nne na ya tano umeme unakatika. Giza totoro. Na yule mwanamke, kama alikuwa akingoja hilo tu, uchungu unamshika, mtoto katanguliza miguu. Tarishi anawasha kiberiti, anaona anachokiona, anazimia. Mkunga anamzalisha mwenzake gizani, kwa kupapasa, mpaka umeme unarudi na mlango unafunguka, na watu waliokuwa wakisubiri lifti wanakuta abiria wameongezeka.

Sasa, macho ya mama yalikuwa yanakwisha. Daktari alisema ni presha ya macho, na kilichokwisha kupotea hakirudi. Dawa ya matone ingechelewesha tu. Alipoulizwa muda, alisema mwaka mmoja, pengine na nusu.

Hapo ndipo anapoingia mkuu wa studio, ambaye nyuma ya mgongo wake watu walimwita Bwana Upepo. Kila alichofanya, sababu ilikuwa moja tu: upepo umegeuka. Bendera hufuata upepo, ndiyo, lakini huyu bwana alikuwa bendera, mlingoti na kamba. Mwaka ule kampuni nyingine ilichukua kitabu cha maisha ya mzee mmoja msambaza barua, ikakifanya filamu, na foleni za kuiona zikazunguka mtaa. Ghafla kila mwenye mvi akawa mali. Makampuni yakatafuta vitabu vya wazee kama watu wanaotafuta funguo zilizoanguka mchangani.

Pindo alikuwa kapiga magoti akimshonea Bwana Upepo suruali iliyoachia, uzi bado mdomoni, alipomwambia kwamba mama yake ana kitabu. Kesho yake akaitwa juu, na Bwana Upepo akamwambia mama yake ni dhahabu.

Mama alitia sahihi mkataba akiwa ameukaribisha puani, maana mbali alikuwa haoni vizuri, na pembeni haoni kabisa. Hakuuliza chochote ila kitu kimoja.

"Mimi sina haja ya kusifiwa," alisema. "Nataka nione lile la lifti. Watoto wote nimewaona wanakuja, yule mmoja tu sikumwona. Nilikuwa gizani. Nataka nimwone anavyokuja, kabla haya macho hayajafunga duka."

Pindo akamwahidi. Na ahadi ya mtoto kwa mzazi si kitu cha kuchezea, mimi nakwambia.

Ili koti la kwenye filamu liwe la kweli, akalichukua lile koti la kazi la mama, jeupe lililogeuka rangi ya maziwa ya jana, lenye uzi mwekundu ndani ya kola. Mama aliushona uzi ule zamani ili wakunga wenzake wasimchanganyie. Pindo akalitundika mwanzoni kabisa mwa bomba, akalisalimia kila asubuhi.

Katika kazi ile kuna utaratibu mmoja. Kabla mwigizaji hajajua kitu, kabla hata mwandishi wa filamu hajamaliza kuandika, karatasi ya mavazi hushuka kwa fundi, kwa sababu nguo huchukua muda. Kwa hiyo kila upepo ulipogeuka, mtu wa kwanza kupigwa nao alikuwa Pindo chini ya ngazi.

Miezi mitatu haijaisha, karatasi ikashuka: Mkunga, koti jeupe, la kubana kiuno. Pindo akaisoma mara mbili. Akapanda kumuuliza mwandishi, kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, mkunga wa zamu ndefu atapumuaje kwenye koti la kubana kiuno. Mwandishi akajibu bila kuinua kichwa kwamba atapumua kwa mapenzi. Kumbe kuna filamu ya mapenzi iliyowaliza watu ukumbini, wakarudi kulia mara ya pili kwa hiari yao. Mkunga sasa ana miaka ishirini na mitano na anampenda dereva wa gari la wagonjwa. Na lifti? Lifti ipo, mwandishi akasema, ndimo wanamobusiana.

Pindo akakaa na hilo. Hakuelewa. Akajiambia huenda ndivyo filamu zinavyotengenezwa, huenda wanazunguka kisha watarudi. Akashona koti la kubana kiuno. Mama siku zile alikuwa bado anaweza kusoma namba za saa ya ukutani akiisogelea.

Kisha ikashuka nyingine: Mkunga, koti lisilo na mikono, na glavu. Ah, Pindo akafurahi, angalau wamekumbuka glavu, akaagiza boksi zima la glavu za mpira za hospitali. Zilipofika, mwandishi akazitazama kwa huzuni, akamwambia ni glavu za ngumi. Upepo umegeukia ngumi. Pindo akauliza mkunga anapigana na nani. Mwandishi akasema hata yeye bado hajaelewa, anasubiri waamue juu.

Mimi ningekuwa Pindo ningetupa mkasi chini siku ile. Yeye akakata koti lisilo na mikono. Kichwani mlikuwa mnazunguka, akapika wali nyumbani akasahau maji, akaenda kazini na viatu viwili visivyofanana. Kila jioni mama alimuuliza filamu imefika wapi, naye akajibu inaendelea vizuri. Mama akamgeuzia sikio, maana sasa alikuwa akitazama watu kwa masikio, akasema taratibu, "Mficha uchi hazai, mwanangu." Pindo akasema birika linachemka, akakimbilia jikoni ambako jiko halijawashwa. Kufikia hapo mama alikuwa anaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la kitasa.

Karatasi ya tatu ilikuwa fupi. Iliandikwa: Mkunga (marehemu), makoti kumi na mawili.

Pindo akakalia ndoo ya chai. Mama yake kamwacha nyumbani anachambua maharage kwa vidole, mzima wa afya, na hapa keshakufa kwa wino. Safari hii hakwenda kwa mwandishi. Alipanda ngazi zote mpaka kwa Bwana Upepo mwenyewe.

"Bosi, mama yangu yuko hai."

"Najua, na Mungu amzidishie," Bwana Upepo akasema, tena kwa moyo safi kabisa. "Ila mizuka ndiyo inayouza sasa, Pindo. Kila ukumbi ni mizuka. Mkunga amefia kwenye lifti, anarudi kuwachukua watoto aliowazalisha. Alizalisha wangapi vile?"

"Zaidi ya elfu tatu."

"Basi tuna sehemu ya pili na ya tatu hapo."

Mtu akikutukana unajua la kufanya. Lakini huyu alikuwa anatabasamu, na alimaanisha wema. Pindo akashuka ngazi bila kujua amekasirika au anataka kucheka. Alifikiria kukataa. Lakini mkataba uliwaruhusu kukigeuza kitabu wapendavyo, na akileta vurugu watachukua mzee mwingine mwenye kitabu kingine, na mama atabaki hana filamu wala macho. Hii angalau ina lifti. Akajishikiza kwenye lifti kama anayezama anavyoshika jani. Akapiga hesabu ya miezi iliyobaki, akawasha cherehani.

Kwa nini kumi na mawili? Kwa sababu mzuka huchafuka. Koti moja safi kwa mwanzo, lingine lenye tone la damu, lingine lenye damu nyingi, lingine limechanika, lingine litachomwa moto, na kila moja liwe na pacha wake, asije mtu akamwaga kitu mapema. Na yote yafanane mpaka uzi wa mwisho. Pindo akafanya kazi ya maisha yake. Akalinganisha vifungo, akachovya chai, akasugua, akatia mawe mifukoni. Akalifungua koti la mama kola, akaona uzi mwekundu, na mkono wake, mkono uleule usiokubali kosa, ukaushona uzi mwekundu ndani ya makoti yote kumi na mawili. Kisha akayatundika kwenye bomba lile lile pamoja na la mama, akapiga hatua tatu nyuma kuitazama kazi yake.

Akayahesabu kwa kidole.

Makoti yalikuwa kumi na matatu, na hakujua la mama ni lipi. Hakulitundika mwanzoni kama siku zote? Alilitundika, lakini mara ngapi alilishusha kulinganisha, na mara ngapi alilirudisha popote palipokuwa wazi? Akayanusa yote. Yalinuka chai. Akatazama madoa, akayatambua yote kuwa ni ya koti la mama, ndiyo, lakini pia alikuwa ameyaiga madoa. Akaingiza mikono mifukoni mmoja mmoja. Mifuko yote ililegea vilevile. Hakuna mtu aliyemdanganya, amejidanganya mwenyewe kwa ufundi wake. Akiwa bado anageuza kola moja baada ya nyingine, watu wa upigaji picha wakaingia na toroli, wakahesabu kumi na mawili kutoka upande wa mlango, wakaondoka nayo. Aliwakimbilia mpaka uwanjani. Alipofika, mawili yalikuwa yameshapakwa damu na moja lilikuwa linawaka, mbele ya kamera, watu wote kimya kwa sababu picha inachukuliwa, naye Pindo hawezi hata kupiga kelele.

Lililobaki kwenye bomba akalichukua nyumbani. Alijiambia ndilo. Kuna siku aliamini kabisa, na kuna siku alikuwa akilipiga pasi anasimama katikati, pasi mkononi, anajiuliza kama anampigia pasi mama yake au majani ya chai.

Filamu ikatoka. Iliitwa Lifti ya Damu. Na mama, wiki ile ile, alikuwa amebakiwa na mwanga tu: alijua dirisha liko wapi, basi.

Pindo alikuwa na wiki nzima ya kumwambia ukweli. Kila siku alianza, kila siku maneno yakageuka mambo ya chumvi na sabuni. Jumapili saa nane mchana mama akaoga, akapaka mafuta, akaomba koti lake. Alisema anakwenda kujitazama, hawezi kwenda na nguo ngeni. Pindo akamvisha. Mama akaunyoosha mkono wa kushoto, akauinua juu, akaushusha, akauinua tena.

"Haya," akasema, "twende."

Ukumbini walikaa safu ya nyuma, pembeni. Taa zikazimwa. Mama akainamisha kichwa kwa bintiye, akamwambia, "Sasa niambie ninachokiona."

Kwenye kioo cha sinema kulikuwa na makaburi na ukungu, na mwanamke wa koti jeupe anatambaa ukutani. Pindo alifungua mdomo kusema hayo hayo. Wallahi alitaka. Kilichotoka ni kingine.

"Ni asubuhi, mama," akanong'ona. "Unashuka ngazi za hospitali. Una bahasha ya karatasi zako."

"Nimevaaje?"

"Koti. Limenyooka."

Akaendelea hivyo. Kwenye kioo mzuka anakaba mlinzi wa jengo, Pindo anasimulia foleni ya mapokezi. Kwenye kioo dirisha linapasuka, Pindo anasema ni muuguzi kaangusha chupa. Alichanganyikiwa mwenyewe, maana macho yanaona hili na mdomo unasema lile, na mara mbili alijikuta akimtaja mzuka katikati ya kliniki ya wajawazito, akameza neno. Kisha kengele ya lifti ikalia, ting, na mama akamshika mkono.

"Ndiyo hiyo," mama akasema. "Ndiyo lifti yenyewe. Nimeijua."

Mle ndani ya lifti ya kwenye filamu mkaanza mayowe. Wanaume watatu, mwanamke mmoja, na kitu kinachonguruma. Pindo, jasho likimtoka, akaeleza kwamba uchungu umemshika yule mjamzito. Mayowe yakazidi. Akaeleza kwamba tarishi amewasha kiberiti.

"Tarishi wangu alizimia kimya," mama akasema. "Huyu mbona analia hivi?"

"Huyu… wamemwongezea, mama. Ni filamu."

"Na wale wanaume wengine wawili nao wanazaa?"

Kwenye kioo koti likashika moto, mwanga ukawapiga usoni wote wawili, na machozi yakaanza kumtoka Pindo. Alilia kwa aibu, na kwa miezi yote ile, na kwa koti ambalo hakujua kama ndilo lile linaloungua mbele yake au ndilo lile lililo begani kwa mama. Akaanza kusema samahani. Mama akamkatiza, kwa sauti ya zamu, ile sauti aliyokuwa akiwatulizia watu.

"Koti hili si langu. Langu lilinibana kwapa la kushoto miaka thelathini na miwili. Hili halinibani. Ulipoliiga langu ulilirekebisha kwapa, mkono wako haukuweza kuliacha kosa. Na hao hawazai. Kilio cha anayezaa nakijua, na cha anayeogopa nakijua. Nimekaa hapa tangu mwanzo najua."

"Mama, mimi…"

"Nyamaza. Kwenye ukumbi huu kilicho changu ni wewe tu, na hayo unayoninong'oneza. Mle ndani ya lifti mlikuwa na giza vilevile, nilifanya kwa kupapasa. Haya, niambie. Mtoto amefika wapi?"

Watu ukumbini walikuwa wanapiga mayowe pamoja na filamu. Pindo akavuta pumzi.

"Miguu imeshatoka, mama. Yote miwili."

"Usivute," mama akasema. "Mwache aje mwenyewe."

Pindo akajifuta pua kwa mkono wa gauni, akasubiri kama alivyoambiwa, kisha akaendelea kusimulia.